Simu imejaa? Tusifute resu pamoja na takataka

Ku Kadutu, ku Nyawera, ku Bagira, simu zetu zinalia neno moja: nafasi imejaa. Na sisi wengi tunafanya kitu kimoja. Tunaingia ndani ya mesaji, tunachagua zote, tunafuta. Simu inapumua siku mbili, kisha inajaa tena. Tunasema wazi: tabia hii ni hasara, na anayelipa hasara hiyo mbele ya wengine ni mchimbaji pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Juu ya nini mchimbaji? Juu kazi yake haina karatasi. Mtu wa ofisi ana kontra, mwisho wa mwezi anapewa hati ya mshahara. Mchimbaji wa Kamituga, wa Luhwindja, wa Nyabibwe ao wa Misisi anaingia ndani ya shimo kwa neno la mdomo. PDG wa shimo anasema: "Tutagawa kisha kutosha depense." Négociant anasema: "Shika hii kwanza, ingine nitakutumia." Mama twangaise anatwanga mawe ya watu siku nzima, jioni anaambiwa angojee. Bibi aliyebaki Bukavu anatuma unga na maharagi kule machimbo kwa deni. Katika yote hayo, mara nyingi kitu kinachobaki kimeandikwa ni kimoja tu: mesaji ya M-Pesa, ya Airtel Money ao ya Orange Money. Ndani yake kuna namba ya operesheni, jina, tarehe, saa na kiasi cha feza. Hiyo ndiyo resu yetu. Kwa wengi hakuna ingine.

Na tangu banki zilifunga milango hapa Bukavu mwezi wa pili 2025, hata mwenye kuwa na kompte ku banki alijikuta sawa na sisi wengine: feza inapita mkononi ao ndani ya simu. Feza za shule, feza za dawa, deni la duka, vyote viko ndani ya ile orodha ya mesaji tunayofuta bila kusoma.

Sheria nayo inajua mambo haya. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inaitwa Code du numérique, inakubali maandishi ya elektroniki kama ushuhuda, mradi ijulikane yametoka kwa nani na yawe yametunzwa bila kubadilishwa. Tushike hilo neno: yametunzwa. Mesaji iliyofutwa haitamtetea mtu ku tribinali, wala mbele ya chefu wa avenue, wala mbele ya wazee wa familia. Mwenye deni lako anasema, "Nilikulipa yote." Wewe unasema, "Hapana, ilibakia nusu." Lakini simu yako iko safi kama sahani iliyooshwa. Nani atakuamini?

Ni kweli, kampuni ya simu nayo inaweka alama za operesheni ku mashini zake, na mwenye namba anaweza kwenda kuuliza akiwa na kitambulisho. Lakini kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni kilomita karibu 180 za njia ambayo sisi wote tunaijua. Kwenda kutafuta mesaji moja kunaweza kula feza kuliko ile unayodai.

Kinachojaza simu si maandishi

Tupige hesabu kidogo. SMS moja ya kawaida haipiti herufi 160. Video moja ya mega 5, ile ya kuchekesha ambayo watu watano walikutumia siku moja, ina uzito wa SMS zaidi ya elfu 30. Kwa hiyo mwenye kufuta mesaji za feza ili apate nafasi ni sawa na dereva ambaye gari lake limezama ndani ya matope ku njia ya Mwenga: anashusha pakiti ya sindano, anaacha magunia ya simiti juu.

Takataka iko WhatsApp na mu picha. Fungua WhatsApp, ingia Paramètres, kisha Stockage et données, kisha Gérer le stockage. Pale simu yenyewe inakuonyesha vitu vinavyopita mega 5, na vile vilivyotumwa mara nyingi kwa watu wengi. Anzia pale. Video za mpira, mahubiri ya saa moja, picha za "asubuhi njema" zenye maua, ondoa bila huruma. Utapata nafasi kubwa na hakuna mtu atakayekudai ile video.

Lakini sikiliza sauti mbele ya kuzifuta. Kwetu wengi hawaandiki, wanasema. Kuna sauti ya négociant inayotaja gramu na bei. Kuna sauti ya PDG inayosema nani yuko ndani ya ekipe na nani atapata sehemu gani. Hizo ziwekee nyota kwanza, na wakati wa kusafisha usikubali kufuta zenye nyota.

Ghala ya mbali nayo inajaa

Wengine watatujibu: "Mimi sina wasiwasi, yangu yote iko ku Drive." Tunaheshimu jibu hilo, lakini wengi wanaolisema hawajawahi kufungua mlango wa hiyo ghala. Klaudi si kitu cha mbinguni. Ni mashini ya kampuni, mbali na hapa, inayotunza kopi ya vitu vyako. Kompte ya Google inatoa giga 15 za bure, na hizo giga 15 zinagawanywa kati ya barua za Gmail, picha na Drive. Zamani kopi ya WhatsApp ya simu za Android haikuhesabiwa ndani yake. Tangu 2024 inahesabiwa. Ghala ikijaa, kopi mpya haiingii tena. Ilani inatokea, tunaipangusa kwa kidole kama inzi, na miezi inapita. Siku simu inaibiwa ku soko, ndipo mtu anaona kopi yake ya mwisho ni ya mwaka uliopita.

Kuna jambo lingine linalogusa watu wa machimbo zaidi. Google inasema kwamba simu ya Android ikikaa siku 57 bila kutumiwa, kopi ya simu ile, pamoja na SMS zake, inaweza kufutwa. Siku 57 ni nyingi kwa mtu wa Ibanda. Kwa mchimbaji aliyeacha simu kubwa nyumbani, akaenda msituni na kasimu ka butoni juu ya batri na juu ya wezi, siku 57 zinapita upesi. Na kompte yenyewe isipoguswa kwa miaka 2, Google inaweza kuifuta yote.

Tena, hiyo kompte ni ya nani? Wengi tulinunua simu, kijana wa duka akatufungulia kompte hapo hapo, kwa adresi aliyoitunga yeye na neno la siri analolijua yeye. Tulilipa, tukaenda. Leo simu ikipotea, hatujui jina la kompte wala neno la kuifungua. Kopi iko, lakini haina mwenyewe. Wengine waliweka neno la siri la pekee juu ya kopi ya WhatsApp; hilo likisahaulika, hata WhatsApp yenyewe haiwezi kuifungua.

Kufuta juu ya woga, kufuta juu ya ujanja

Hatusemi kila mwenye kufuta ni mzembe. Kuna wanaofuta juu ya njia. Mtu akiwa anapita bariere, hapendi simu yake iongee mbele yake: feza aliyopokea, majina ya watu, sauti za kikundi. Hatutamhukumu. Uhai unapita resu. Lakini mbele ya kufuta, achukue bike na kaye, aandike tarehe, jina, kiasi na namba ya operesheni, na kaye ibakie nyumbani. Na ajue pia kwamba kufuta ndani ya simu si kufuta kila mahali. Kopi iliyokwenda ku Drive jana usiku ingali pale mpaka kopi mpya ichukue nafasi yake. Picha uliyotupa inaweza kukaa mu korbeyi ya Google Photos mpaka siku 60. Na yule uliyemtumia ana yake. Basi mambo yamegeuka: tulichotaka kitunzwe hakikutunzwa, na tulichotaka kipotee bado kiko.

Vilevile kwa simu za okaziyo. Ukiuza simu bila kutoa kompte yako na bila kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, umeuza na maisha ya nyumba yako. Kufuta mesaji peke yake haitoshi.

Halafu kuna wanaofuta kwa ujanja. WhatsApp inaruhusu mtu apange mesaji zipotee zenyewe kisha saa 24, siku 7 ao siku 90. Ni kitu kizuri kwa siri za halali. Lakini mtu ambaye mnafanya naye biashara ya dhahabu, kila neno lake likipotea kisha saa 24, ujiulize juu ya nini. Piga picha ya skrini siku ile ile, ao umwambie atume ahadi yake kwa SMS ya kawaida. Mtu mwaminifu hatakataa.

Mjane anafungua na nini?

Hapa ndipo neno letu lina uzito zaidi. Tarehe 11 Septemba 2020, kisha mvua kubwa, machimbo ya Detroit kule Kamituga yaliporomoka, na hesabu za siku zile zilitaja wafu karibu 50. Siku kama ile mtu anaweza kushuka na simu mu mfuko, isirudi tena. Wanaobaki juu wanalia, na kisha kilio wanapaswa kujua: baba alidai nani? Alidaiwa na nani? Sehemu yake ndani ya shimo ilikuwa ngapi? Sisi sote tumeona namna inavyokwenda. Wenye kudai wanafika ku kilio mapema, wenye madeni hawaonekani. Mama hana cha kuonyesha, anauza mabati, anauza kipande cha shamba, analipa deni ambalo labda lilikwisha kulipwa zamani.

Mesaji zingali ku ghala ya mbali, pengine zote. Lakini neno la siri lilishuka na mwenyewe.

Tunajua baba wengi watasema: "Bibi akipata neno la siri, ataona kila kitu." Ndiyo, na hatutaingia katika mambo ya kila nyumba. Lakini kuna njia. Andika jina la kompte na neno lake, funga ndani ya bahasha, uiweke pamoja na kadi ya mpigakura na hati za kiwanja. Bahasha iliyofunguliwa inaonekana. Ukishindwa kumwachia bibi, mwachie mkubwa wako ao mama mzazi. Tena Google yenyewe ina kitu kinachoitwa Gestionnaire de compte inactif: unachagua mtu, na kompte ikinyamaza kwa muda uliopanga, kuanzia miezi 3 mpaka 18, yule mtu anapewa ruhusa ya kuchukua vitu ulivyokubali. Kabla ya hapo haoni kitu. Lakini tusichanganye: neno la kompte ni jambo moja, namba ya siri ya kutolea feza ni lingine. Hiyo ya pili usiitaje ku kabini, usimpe hata kijana anayekutengenezea simu.

Tunachoomba

Kwa koperative: sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inataka mchimbaji awe ndani ya koperative. Basi koperative isiwe ya kukusanya michango tu. Iweke kaye moja ya ahadi na malipo, na kila mtu aruhusiwe kuandikisha namba ya operesheni yake. Mvua inaweza kuloanisha kaye, simu inaweza kuanguka ndani ya maji, lakini vyote viwili kupotea siku moja ni vigumu.

Kwa vijana wa kuuza na kutengeneza simu: mteja asitoke mbele yenu bila karatasi yenye jina la kompte yake, na neno la siri aliandike mwenyewe. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa watoto wetu wanaosoma: mnajua simu kuliko sisi. Jumapili kisha misa, mfungulie mama na baba hiyo ghala, mwaonyeshe imejaa kiasi gani na kopi ya mwisho ni ya tarehe gani. Mtoe video, muache resu.

Na kwako, ndugu mchimbaji: mbele ya kushuka tena ndani ya shimo, fungua mesaji zako za feza za mwezi huu. Yenye deni ao malipo ndani yake, iandike mu kaye, na umwambie mtu mmoja nyumbani kaye iko wapi. Zingine, futa.