Mashine Haijihesabii Dozi

Tuzungumziapo wataalamu wa nyuklia, fikra hukimbilia wahandisi wa vinu vya umeme. Husahaulika kwamba nyuklia imo tayari hospitalini, katika tiba ya saratani.

Mwaka 1996, mjini San José, Costa Rica, mashine ya tiba iliwekewa chanzo kipya cha mionzi, kobalti-60. Katika kupima nguvu yake, dakika 0.3 zikachukuliwa kuwa sekunde 30, ilhali ni 18. Wagonjwa 115 walipewa mionzi kupita kiasi. Baadhi yao walifariki kwa sababu hiyo. Mashine haikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni mtaalamu wa pili wa kuirudia hesabu ile.

Kwa hiyo naona si haki kununua mashine ya mabilioni bila kuajiri wanafizikia tiba wasiopungua wawili. Hawa hawapatikani kwa semina ya wiki moja: baada ya shahada ya fizikia huja uzamili, kisha takriban miaka miwili ya mazoezi hospitalini chini ya msimamizi. Wagonjwa wengi hawajapata hata kuwaona. Basi, ndugu mgonjwa, uliza: nani amehakiki dozi yangu? Nasi wahudumu tusilichukie swali hilo.