Umekosa hela ya chambo?

Leo naomba tuweke siasa pembeni, tupumue kidogo.

Jumamosi iliyopita mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye chuo alinikuta kibarazani nimekaa kwenye kigoda, nachonga kipande cha mti kwa kisu cha jikoni. Chini kulikuwa na unga wa mbao, msasa, chupa ya rangi ya kucha, karatasi ya fedha ya chokoleti na CD moja ya zamani niliyoikata vipande. Akauliza natengeneza nini. Nikamwambia ni chambo bandia, kisamaki cha mti cha kuvulia. Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, halafu akasema: "Kaka, kama umekosa hela ya chambo si useme?"

Nimelifikiria swali lile wiki nzima. Hela sikukosa (mishahara ya waandishi mnaijua, lakini hilo tuliache). Kilichoniuma ni kwamba kwake yeye, na kwa wengi wetu tuliokalia madawati mpaka tukavaa joho, kutengeneza kitu kwa mikono yako ni dalili ya shida. Mwenye nacho ananunua, asiye nacho anatengeneza. Mimi nasema hapo tumekosea, tena vibaya. Naomba nitetee hoja yangu kwa hicho hicho kisamaki cha mti.

Nilianza kama nyinyi, kwa kununua. Nilinunua chambo kimoja kizuri cha kiwandani, kina macho na magamba kama samaki hai, kwa shilingi 35,000. Nikaenda nacho Kunduchi kwa mjomba wangu, ambaye amevua tangu kabla sijazaliwa. Nilirusha mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kikanasa kwenye mwamba. Nikavuta, mshipi ukakatika. Elfu thelathini na tano zikabaki baharini, na mimi nikabaki na fimbo.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vyambo vyake: ndoana zilizofungwa nyuzi nyeupe za kiroba, nyingine manyoya ya jogoo, nyingine zimeviringishwa vipande vya karatasi inayong'aa. Ndivyo anavyoburuta nyuma ya chombo akitafuta nguru na jodari. Hakuna hata kimoja alichonunua zaidi ya ndoana yenyewe. Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema, "Kwa baba yangu, mjomba. Wewe umeshakuja hapa mara ngapi na kalamu yako? Hujawahi kuniuliza hili."

Alisema kweli. Nimekwenda pale ufukweni kikazi mara nyingi. Nimeandika chombo kilipozama, nimeandika baruti, nimeandika bei ya samaki ilipopanda. Sikuwahi kuandika mstari mmoja kuhusu kile wavuvi wanachokijua.

Sasa linganisheni na habari hii. Mwaka 1936 huko Finland, mvuvi mmoja maskini aitwaye Lauri Rapala alichoka kuhangaika na chambo cha samaki hai. Alikuwa amegundua jambo moja akiwa ziwani: samaki mkubwa akiingia kwenye kundi la wadogo, humshambulia yule anayeogelea kwa kuyumba, aliye mgonjwa au aliyejeruhiwa. Basi akachukua gome la mti, akalichonga kwa kisu cha fundi viatu, akalilainisha kwa msasa, akalivisha karatasi ya fedha ya chokoleti, akalipaka negativu za picha alizoziyeyusha ili maji yasiingie. Akakirekebisha mpaka kikayumba vile vile kama samaki mgonjwa.

Karatasi ya chokoleti, ndugu zangu! Hakukuwa na maabara wala mfadhili. Kuna tofauti gani na lile kopo la mjomba?

Tofauti naijua, na inanigusa kama mwandishi. Agosti 1962 jarida la Life la Marekani liliandika habari za chambo cha Rapala, tena katika toleo lililokuwa na picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada, siku chache baada ya kifo chake. Toleo hilo lilisomwa na watu wengi mno, na maombi ya kununua yakamiminika kuliko walivyoweza kutengeneza. Leo jina la mvuvi yule liko kwenye maduka ya uvuvi duniani kote, likiwemo lile duka nilikoacha elfu thelathini na tano zangu. Ujuzi wa Rapala ulithaminiwa, ukaandikwa, ukauzwa. Wa mjomba wangu tunauita umaskini.

Haya, hoja nimeitoa. Sasa nisije nikawa kama wale wahubiri wa semina wanaosema "vijana mjiajiri" halafu wanapanda gari wanaondoka. Nitawaonyesha pa kuanzia.

Kwanza muelewe kinachomdanganya samaki. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni, anahisi mtikisiko wa maji hata pale asipoona vizuri. Kwa hiyo mwendo wa chambo ni muhimu kuliko urembo wake. Rangi nazo msizihangaikie sana: rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea kadiri maji yanavyokwenda chini, bluu inadumu zaidi. Ile rangi iliyokuvutia dukani, huko chini inaweza kuwa kijivu tu. Mgongo mweusi na tumbo jeupe vinatosha kuanzia.

Chambo chepesi kuliko vyote ni kijiko. Ndiyo, hicho hicho cha chai. Wamarekani wana hadithi ya Julio Buel, anayesimuliwa kwamba aliangusha kijiko ziwani akaona samaki akikirukia. Mwaka 1852 alipata hataza ya chambo cha aina hiyo. Chukua kijiko cha chuma kisichoshika kutu, kata mpini kwa msumeno wa chuma, lainisha kingo kwa tupa. Toboa tundu dogo kila ncha. Upande mwembamba funga mshipi, upande mpana tia pete ya chuma na ndoana. Ule mbonyeo wa kijiko ndio utakaokifanya kiyumbe na kumeta ukikivuta. Kazi ya saa moja. Ila omba ruhusa kwa mwenye jiko, mimi sikuomba na nililala na lawama.

Cha pili ni ndala iliyokatika. Kata kipande cha pande la soli chenye urefu wa kidole cha kati, kichonge kiwe mviringo, na upande wa mbele uchimbe kidogo kama kikombe. Pitisha waya katikati, mbele kunja kitanzi cha mshipi, nyuma kitanzi cha ndoana. Kwa kuwa ndala inaelea, ukiivuta kwa kuistua kile kikombe kinapiga maji, "pwaa", kama samaki mdogo anayehangaika juu. Kolekole hapendi dharau hiyo.

Cha tatu ndicho alichonikuta nacho mshikaji: kisamaki cha mti. Hapa niwape makosa yangu, maana yaliniuma vya kutosha.

Cha kwanza nilichonga kizuri sana, nikakipaka, nikakipiga picha. Nilipokivuta majini kikazunguka kama pangaboi na kuusokota mshipi wote. Sikuwa nimekitia uzito. Kisamaki cha mti kinahitaji kipande kidogo cha chuma tumboni ili kisigeuke, kama vile chombo kinavyohitaji farumi. Wengi hutumia risasi, lakini risasi ni sumu, na ukiiyeyusha jikoni moshi wake utawafikia watoto. Kipande cha msumari mnene kinatosha.

Cha pili kilikwenda vizuri, kikapata samaki. Samaki akavuta mara moja tu, akaondoka na ndoana. Nilikuwa nimeikaza ndoana kwa skrubu kwenye mti, na mti laini hauwezi kushika. Toka siku hiyo napasua kisamaki kwa urefu, nalaza waya mmoja usioshika kutu kutoka mdomoni hadi mkiani, nakunja vitanzi vyake, kisha nagundisha nusu mbili pamoja. Hata mti ukivunjika, samaki bado yuko kwenye waya. Mjomba alipouona waya ule ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza, "Sasa umeanza kufikiri."

Cha tatu ndicho kilichofaa. Urefu sentimita 9 hivi, mti mwepesi. Msufi unafaa kwa sababu unachongeka kirahisi na unaelea. Chini ya mdomo nikachomeka ulimi wa plastiki niliokata kwenye CD. Ulimi huo ndio usukani: ukiulaza mbele na kuurefusha, chambo kinazama zaidi, ukiusimamisha, kinabaki juu na kuyumba sana. Kabla ya rangi, kijaribu kwenye beseni. Kikiegemea upande mmoja, uzito haujakaa katikati. Kikielea sawa, kivishe karatasi ya fedha, chora mgongo kwa rangi ya kucha, halafu paka vanishi mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Maji yakipenya, mti unavimba na rangi inabanduka.

Baharini, kikikimbilia kushoto, kunja kitanzi cha mbele kidogo kuelekea kulia. Kikikimbilia kulia, fanya kinyume. Kidogo tu, unene wa ukucha. Kisamaki changu cha tatu kilinipa kolekole wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Nimeandika habari nyingi zilizotoka ukurasa wa mbele, lakini sijawahi kupiga kelele kama nilivyopiga asubuhi ile.

Tahadhari mbili tatu. Vaa miwani unapotoboa na kukata, kipande cha CD kinaruka kama kigae. Usiache ndoana pale watoto wanapochezea. Na msikimbilie kuvua Bongoyo au Mbudya kwa sababu maji ni mazuri: visiwa hivyo vimo kwenye hifadhi ya bahari tangu 1975. Ulizeni ofisi ya uvuvi kuhusu kibali kabla ya kurusha.

Najua mtakachoniambia. Mtasema ukihesabu muda, vanishi, waya na vile viwili nilivyoviharibu, ni rahisi kununua. Nakubali kabisa. Mwanzoni hutaokoa hata senti. Mtasema pia kwamba dunia ya leo kila mtu ana kazi yake, mwandishi aandike, kiwanda kitengeneze. Hilo nalo lina ukweli. Mimi siachi kazi nikauze vijiko.

Lakini aliyenunua chambo kikapotea amepoteza hela na hajajifunza kitu. Aliyetengeneza kikapotea anajua kwa nini kilipotea, na kesho atatengeneza kilicho bora zaidi. Mimi chuo nilifundishwa nadharia za maendeleo kwa miaka mitatu, na sikumbuki siku tuliyoambiwa tutengeneze kitu, kiharibike, tukitengeneze tena. Tulifundishwa kujibu maswali yenye majibu yanayojulikana. Samaki hajui alama yako ya mtihani. Anauma au hakuumi.

Nimalizie na mjomba. Macho yake yameanza kuingia ukungu. Kupitisha uzi kwenye tundu la ndoana sasa anashindwa, na wanawe wote wako mjini, mmoja anaendesha bodaboda na mwingine anauza simu. Jumapili alinipa lile kopo akasema, "Shika, nifungie hizi, mimi sioni tena." Nikakaa naye mpaka magharibi, yeye anaelekeza kwa maneno, mimi nafunga. Manyoya ya shingoni mwa jogoo, siyo ya mkiani, kwa sababu ni laini na yanacheza majini. Nyuzi za kiroba zipite ncha ya ndoana kidogo tu, zikizidi samaki atauma uzi na kuiacha ndoana. Uzi uzungushwe kwa kubana, kisha gundi.

Safari hii nilikuwa na daftari, na yote niliyaandika. Sijui kama mhariri wangu atataka habari ya namna hiyo, maana haina waziri ndani yake. Ndiyo maana nimeanza kuiandika hapa.

Kwa hiyo mshikaji, jibu lako hili hapa: sikukosa hela ya chambo. Nilikosa kuuliza mapema. Na wewe mdau unayesoma, unaye mzee nyumbani kwenu anayejua kusuka, kufua chuma, kutega au kuchonga. Wiki hii mpigie simu, mwamkie, halafu muulize anafanyaje. Beba daftari.

Naomba kuwasilisha. Wikiendi njema, na ukiona kijiko kimepungua nyumbani, usinitaje.