Dawa ya viroboto na kupe: tuchague tukiwafikiria watoto



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo na lishe. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya mbwa, na pengine baadhi yenu mtauliza wauguzi wanatafuta nini bandani. Sababu ni kwamba, kati ya wagonjwa wanaotufikia kwa ajili ya viroboto na kupe wa mbwa, wanaotutia hofu kuliko wote ni watoto waliokunywa dawa iliyonunuliwa ili kuwaua wadudu hao.

Mambo huenda hivi. Chupa ya lita moja ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ni ghali, na mwenye mbwa wawili haihitaji yote. Jirani mwenye ng'ombe humgawia kidogo katika chupa ya soda. Nyingi za dawa hizo zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Chupa huwekwa chini ya kitanda au dirishani jikoni, na mtoto wa miaka mitatu ajua vizuri chupa ya soda ni ya nini. Akifikishwa hospitali twamwuliza mama, "Amekunywa dawa gani?" Naye hujibu, "Sista, jina silijui, ni ile ya mbwa."

Jina hilo ndilo tunalolihitaji kuliko kitu kingine. Amitrazi na dawa za jamii ya oganofosfati zote huweza kumlegeza mtoto, kupunguza mapigo ya moyo na kufanya mboni za macho ziwe ndogo kama ncha ya sindano. Lakini matibabu hayafanani. Oganofosfati ina dawa ya kuipinga, atropini, ambayo huenda ikahitajika kwa wingi na kwa saa nyingi. Amitrazi haina dawa yake maalum. Kazi yetu ni kumsaidia mtoto apumue na kumwangalia mpaka sumu ipungue mwilini. Bila lebo, mganga hulazimika kukisia, na dakika zinapita.

Kwa hiyo maoni yetu twayasema bila kuzunguka. Dawa ya kuchagua ni ile iliyo katika chombo chake cha asili, yenye lebo inayosomeka na inayomtaja mbwa, na ambayo nyumba ina mahali pa kuifungia kwa ufunguo. Ukali wake ni jambo la baadaye. Kama mwezi huu hamwezi kupata ya namna hiyo, afadhali kuokota kupe kwa mkono na kufagia banda kuliko kuingiza nyumbani sumu isiyo na jina. Dawa za pamba, nyanya na kahawa zisimguse mbwa kabisa. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari vilevile: huunguza ngozi, na mbwa hujilamba.

Hatusemi kwamba wadudu wenyewe ni wa kuchezea, la hasha. Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, humwambukiza mbwa homa inayomkondesha na wakati mwingine kumtoa damu puani. Binadamu naye aweza kupata homa ya kupe, yenye maumivu makali ya kichwa na mara nyingi kidonda kidogo cheusi mahali alipoumwa. (Ukitoka machungani ukapata homa ya namna hiyo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, tafadhali tuonyeshe hicho kidonda. Wengi hukificha kwa kuwa kiko kinenani.) Kiroboto hubeba tegu wa mbwa: mtoto akimmeza kiroboto bila kujua aweza kumpata mnyoo huyo, na mama huona chooni vipande vinavyofanana na punje za wali. Funza naye, ambaye kwa asili si mdudu wa kwetu, maana aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, hukaa pia katika nyayo za mbwa. Anayetibu miguu ya watoto na kumwacha mbwa hajamaliza kazi. Na wenzetu wa Lushoto, walioteswa na tauni kuanzia mwaka 1980, hawahitaji kufundishwa kiroboto aweza kufanya nini, ingawa yule alitoka hasa kwa panya.

Papasi ni jambo jingine. Yeye hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kuuma waliolala, kisha hurudi mafichoni. Hakai mwilini mwa mbwa, hivyo dawa ya mbwa haitamwondoa.

Viroboto ndio wanaowapotezea watu fedha bure. Wale unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya walio nyumbani. Mayai yao hudondoka popote mbwa alalapo. Hutoka mabuu madogo yanayokimbia mwanga na kujificha vumbini, kisha hujifungia ndani ya vifuko, na humo huweza kukaa miezi wakisubiri joto na mtikisiko wa nyayo. Ndiyo sababu mtu hutoka safari, akafungua nyumba iliyokuwa tupu, akashambuliwa miguuni kana kwamba walikuwa wakimngoja. Kweli walikuwa wakimngoja. Basi mwenye kununua dawa na kuliacha gunia la kulalia mbwa vilevile atanunua tena mwezi ujao. Gunia lichemshwe kila wiki na kuanikwa juani. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, na takataka zichomwe. Tazameni pia masikio ya mbwa: mkiona viroboto weusi walioganda ukingoni bila kuruka, hao ni wa kuku, na dawa yote ya mbwa itakuwa kazi bure mpaka banda la kuku lisafishwe.

Sasa dawa zenyewe. Kwa familia yenye uwezo na yenye watoto wanaomkumbatia mbwa, sisi twapendelea vidonge vya kisasa vilivyoanza kuuzwa miaka ya 2013 na 2014. Mbwa humeza kimoja, na kwa kadiri ya aina humkinga kwa mwezi au karibu miezi mitatu, wala hakuna sumu inayobaki juu ya manyoya. Huchaguliwa kwa uzito wa mbwa, na kidonge cha mbwa mkubwa kisikatwe kugawiwa wadogo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa hupata degedege kwa vidonge hivyo, kwa hiyo mbwa mwenye kifafa asipewe kabla ya kumwona daktari wa mifugo. Bei yake ni kikwazo kikubwa, twalijua hilo.

Matone ya kudondoshea katikati ya mabega hufaa pia, ila watoto wasimshike mbwa mpaka yakauke, na ni vema asilale nao usiku huo. Yale yenye fiproni yasitumiwe kwa sungura, huwaua. Yale ya mbwa yenye pemetrini yasimguse paka. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe, ambayo baadhi ya watu humchoma mbwa kwa kukisia, haiondoi viroboto, na mbwa wa koo fulani huuawa nayo. Watoto wa mbwa walio chini ya wiki nane waachiwe chanuo na maji ya sabuni, isipokuwa lebo iseme vingine.

Walio wengi, hata hivyo, watabaki na dawa ya kuogeshea, nayo ikitumiwa sawasawa hufanya kazi. Matatizo huletwa na ule mgao wa chupa za soda. Tunashauri Jumuiya Ndogondogo zigeuze utaratibu: badala ya kuigawa dawa iende kwa mbwa, mbwa waifuate dawa. Familia kumi zichange, zinunue chupa moja ambayo lebo yake inataja mbwa, itunzwe na mtu mmoja katika sanduku lenye kufuli, na siku moja mbwa wote waogeshwe nyumbani kwake, kila mmoja na kamba yake. Afisa mifugo akialikwa, chanjo ya kichaa cha mbwa yaweza kutolewa siku hiyohiyo. Kipimo kisiwe kizibo, maana vizibo havilingani. Tumieni bomba la sindano lililotolewa sindano, libaki katika sanduku hilohilo. Mwogeshaji avae glovu. Watoto wakae mbali.

Ikitokea mtu amekunywa au kumwagikiwa, mvueni nguo, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, msimtapishe, msimpe maziwa. Akisinzia alazwe ubavu. Njooni hospitali mara moja na chupa yenyewe mkononi, hata kama imebaki tupu.

Maji ya dawa yatakayobaki siku ya kuogesha yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima, kwa kuwa dawa hizi huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Chimbeni shimo mbali na maji. Chupa ikiisha itobolewe siku hiyohiyo, kabla mtu hajaiomba ya kuwekea mafuta.