Mto Wetu Nimeukuta Masinga

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba nakwenda bara kulala ndani ya hema kando ya bwawa, mke wangu aliacha kukuna nazi akanitazama. "Kwani huko nyumba zimekwisha?" akauliza. Jibu sikuwa nalo. Mtu aliyekwisha pita miaka 50, mwenye kitanda na chandarua, kuondoka kwa hiari yake kwenda kulala chini kama mpagazi, hilo ni jambo zito kulieleza mbele ya mwanamke wa Kipini.

Walionitia katika safari ile ni watoto wa ndugu yangu, vijana wawili wafanyao kazi Nairobi. Wao, kama vijana wengi wa mji ule siku hizi, wameshika desturi ya kupiga kambi. Ikifika Ijumaa jioni hutia garini hema, magodoro ya kupuliza na jiko la gesi, wakatoka kwenda kulala porini au kando ya maji, kisha Jumapili hurudi mjini wakiwa wamechoka kuliko walivyotoka. "Ami," wakanambia, "twende Masinga ukaone ziwa." Neno ziwa halikunivuta, maana mzaliwa wa Kipini amekwisha ona maji. Lililonivuta ni jina la Masinga. Jina hilo nimelisikia tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, na aghlabu ya kila nililolisikia lilikuwa ni lalamiko.

Tulitoka Thika tukaishika barabara ya Garissa, tukapita Matuu, na tulipofika Kangonde tukaiacha tukakata kushoto. Nchi ni kavu. Mbuzi husimama kwa miguu miwili wakivuta majani ya migunga, na vijito tulivyovivuka vilikuwa mchanga mtupu. Kisha ghafla, baina ya vilima, maji yakatokea, maji mengi kuliko nchi ile inavyostahili kuwa nayo. Mmoja wa vijana akasimamisha gari ili nitazame. Nilitazama sana, wala sikusema kitu, wao wakadhani nimefurahi.

Kambi yenyewe haina makuu. Ni uwanja wa nyasi unaoteremkia ziwani, vivuli vichache, mabomba, choo safi, na mlinzi mwenye rungu na kurunzi. Unalipa, unachagua mahali, unasimamisha hema lako. Nilipoona jinsi vijana wanavyopigilia vigingi na kukaza kamba nikacheka peke yangu, kwa kuwa sisi watu wa pwani jambo hili tunalo tangu zamani ila jina letu ni jingine. Wavuvi wetu hupiga dago. Huondoka majumbani mwao kwa mwezi au miwili, wakaweka vibanda vya makuti katika kisiwa au ufukwe usio na watu, wakavua, wakakausha samaki, wakalala chini ya nyota. Tofauti ni kwamba mpiga dago amepelekwa na riziki, na hawa wamepelekwa na kuchoka na ofisi. Sitaki kuwacheka. Mji wa siku hizi unamla mtu, na mwenye kupata siku mbili za kusikia ndege badala ya honi za matatu hana kosa.

Basi nieleze ziwa lile ni nini, kwani najua wako wasomaji wa kwetu wanaolilaani bila ya kulijua.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote ya Kenya, wapata kilomita 1,000. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hushuka mpaka uwanda wa chini, hupinda Garissa, kisha huteremka kusini kuja kwetu. Juu ya mto huo yamejengwa mabwawa matano yaliyofuatana kama shanga: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu kabisa, nalo ndilo ghala. Umeme wake mwenyewe si mwingi, megawati 40 tu, lakini kazi yake kubwa ni kuyakusanya maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili mashine za yale manne yaliyo chini yake zisisimame. Lilipotengenezwa liliwekwa kuchukua kiasi cha mita za ujazo milioni 1,560, na ziwa likijaa hutanda kilomita za mraba 120 hivi, upande huu Machakos na upande wa pili Embu. Leo halichukui tena kiasi kile cha mwanzo, kwani mto huja na udongo wa mashamba ya juu, na udongo ukifika palipotulia hukaa.

Taa za Mombasa zimewaka miaka mingi kwa maji haya. Hilo lazima lisemwe, na mwenye kulisahau si mwadilifu. Friji inayotupoza maji ya kufuturia tunaifungua kila Ramadhani, wala hatuulizi baridi ile imetoka wapi.

Lakini uje nami Ozi.

Ozi ni kijiji kilicho juu kidogo ya Kipini, na karibu yake ndipo huonyeshwa kaburi la Fumo Liongo. Wajomba zangu, ndugu wa mama, walikuwa na mashamba ya mpunga huko. Watu wa mto ule, Wapokomo hasa, hawakulima kwa mvua ya mbinguni peke yake. Walilima kwa gharika. Mara mbili kwa mwaka mto hufurika, ukatandaza maji na rutuba mashambani. Maji yakishuka, mtu hupanda katika tope. Tena nguvu ya mto iliyasukuma maji ya chumvi yakabaki baharini yalikowekwa. Wataalamu waliopima mto wameona kwamba tangu Masinga kujengwa kilele cha gharika ya Mei kimeshuka. Kwa mtu wa Nairobi habari hiyo ni njema: gharika imepungua. Kwa mtu wa Ozi ni habari ya njaa. Bahari nayo, ikimwona mto amedhoofika, hupanda. Leo chumvi inapanda na maji ya kujaa mpaka mashambani, miembe iliyopandwa na mababu inakauka imesimama, na mjomba wangu wa mwisho aliyebaki huko aliacha kulima mpunga akawa mtu wa kununua mchele dukani. Mchele, Ozi! Mama yangu alipoambiwa hakuamini.

Sisemi kwamba dhambi yote ni ya ukuta ule wa Masinga. Ukame umezidi, mashamba makubwa ya kunyunyizia yanavuta maji njiani, na bahari yenyewe inapanda dunia nzima. Wala sisi hatukuzaliwa malaika katika jambo hili. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuyaunganisha maji ya Tana na ya Mto Ozi, na ndiyo sababu Tana leo hutokea Kipini. Mto huu tuliutia mkono wenyewe kabla serikali yoyote haijajua saruji. Ila waliochimba Belezoni walikuwa wakiishi pale pale. Wakiharibu, wanaharibu kwao.

Usiku wa kwanza sikulala. Godoro la kupuliza ni uadui mtupu, ukigeuka wewe nalo linageuka. Viboko walikuwa wakikoroma majini, mlinzi akizunguka na kurunzi. Alfajiri nikatoka kutafuta maji ya udhu. Mlinzi akaniona nateremka ziwani akanijia mbio. "Mzee, hapo usiende gizani! Kuna kiboko na kuna mamba." Nikamshukuru, nikatawadha bombani. Nilifunga maji mara tatu bila ya kukusudia, maana tulifundishwa chuoni kwamba mtu asifanye israfu ya maji hata akiwa anatawadha katika mto upitao. Nimelisoma hilo nikiwa na miaka saba, na siku ile ndipo lilipoingia.

Baada ya kusali nikakaa na mlinzi yule, kijana wa Kikamba mwenye adabu, tukanywa chai. Nikamuuliza kama yeye huona raha kukaa penye maji mengi namna hii. Akacheka. Akanambia kwao si mbali na pale, na mama yake huyafuata maji kwa punda. Babu yake alikuwa na shamba mahali ambapo sasa ni katikati ya ziwa. Akanyosha kidole, lakini nilichokiona ni ukungu na ndege weupe. "Sisi, mzee, ziwa ni la kutazama," akasema.

Nami nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka 40 juu ya watu wa Masinga, kwamba wametufungia mto wakaukalia. Kumbe naye anafuata maji kwa punda! Tulikaa pale wawili, mtu wa juu ya mto na mtu wa mwisho wa mto, na katikati yetu waya nene za umeme zikipita kwenda kwingine.

Tena urafiki wetu na watu wale ni wa kale kuliko mabwawa. Kabla ya reli, Wakamba walikuwa wakishuka na misafara ya pembe mpaka Mombasa, na mkubwa wao mmoja, Kivoi, ndiye aliyempokea Krapf, akauawa na wanyang'anyi mwaka 1851 walipokuwa safarini kuelekea mto huu huu wa Tana. Na tazama ramani: Machakos imepakana na Tana kaskazini, na Mto Athi unaipita. Athi ukishuka tunauita Sabaki, unaingia baharini karibu na Malindi. Mito yote miwili ya Machakos mwisho wake ni kwetu. Kamba wanaovuliwa Ghuba ya Ungwana na Wakamba wa Masinga wanalelewa na mto mmoja, na hilo silisemi kwa kuchezea maneno, ingawa lugha imelitengeneza vizuri. Kamba wale hukulia penye mikoko na tope la mto. Mto ukipungua, mvuvi wa Kipini atasimulia.

Ukitaka kujua kwamba mambo haya hutengenezeka, katazame vilima vya Machakos. Katika miaka ya 1930 nchi ile ilisifika kwa kumomonyoka. Wakoloni wakaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe wao, hata mwaka 1938 Wakamba wakaandamana mpaka Nairobi, na Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao. Baadaye wakulima wale wale wakachimba matuta, wakayaita kwa Kiswahili safi: fanya juu. Mtu huchimba mtaro akatupa udongo upande wa juu, mvua ikaja, udongo usiende. Vilima vilivyokuwa vipara vikavaa tena. Wataalamu waliokata matumbawe ya Malindi wameona ndani yake alama za udongo wa bara ulioongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20. Kila jembe lililotupa udongo juu Machakos limelinda mwamba mmoja baharini, na aliyelishika hakuwahi kuiona bahari.

Sasa kwa nini naandika haya mwaka huu, na si miaka 20 iliyopita? Kwa sababu mwezi wa Aprili na Mei 2024 mabwawa yalijaa pomoni, maji yakapita juu, na mto ukashuka kwa nguvu zake zote kwa mara moja. Garissa ilizama mitaa. Tarehe 28 Aprili mashua ya kuvusha watu ilipinduka karibu na Madogo, watu wakafa. Huku chini vijiji vilihama vikakaa juu ya vilima vya mchanga. Mto uliokuwa ukija mara mbili kwa mwaka, wenye salamu na majira yanayojulikana, sasa ama haji, ama huja kama mwizi. Na kwa miaka mingi linatajwa bwawa jingine kubwa zaidi, la High Grand Falls, chini ya haya matano.

Neno langu kwa wenye amri ni moja. Sisemi mabwawa yavunjwe. Nasema mtu wa Ozi, wa Kau na wa Kipini akae katika baraza ile ambapo hukatwa shauri la lini maji yatolewe na kiasi gani. Masika ikiwa njema, mto upewe gharika yake ya kiasi, kwa siku zilizotangazwa, ili mashamba yanywe na chumvi irudi nyuma. Jambo hili limefanywa katika nchi nyingine. Katika bonde la Mto Senegal wamewahi kufungulia maji ya bwawa la Manantali kwa ajili ya wakulima wa bondeni. Ikiwa maji ni mengi ya kutisha, habari itufikie kabla ya maji, kwa redio na kwa lugha inayofahamika, isiwe tangazo la gazeti linalofika Kipini siku ya tatu. Na kijiji cha mlinzi wangu kipate bomba. Maji ni haki ya watu wote, hilo halihitaji mwanachuoni kulifasiri.

Siku ya pili vijana walinunua perege kwa mvuvi wa pale, tukala na ugali, na mbuzi tulimchinja wenyewe. Walitaka kujua kama nimependa. Nikawaambia nimependa ila godoro. Kisha nikawaambia kwamba Desemba, inshallah, watalisimamisha hema lile Ozi, penye shamba la mjomba wangu, waonje maji ya kisima kisha waseme kama wataweka sukari au watakunywa na chumvi yake. Wamekubali. Mdogo wao ameuliza kama huko kuna choo na bomba. Nimemwambia mbu tunao wa kutosha, hayo mengine waje nayo.