Mali bila Daftari: Funzo la Gari la Mbio Kutoka Kericho

Hapa kwetu pwani, mtu akitaja mbio za magari barazani hakosekani mzee wa kutikisa kichwa na kusema kuwa hiyo ni israfu tupu: kuchoma petroli, kuvunja chuma kizima, kisha kurudi nyumbani na tope. Siwalaumu wazee hao, kwani kwa miaka mingi na mimi nalikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1970, magari ya Safari Rally yalipokuwa yakishuka hadi Mombasa, watu walijipanga kando ya njia kuyatazama. Lakini waliporudi majumbani waliyazungumza kama watu wazungumzavyo harusi ya sultani: jambo la kutazama, si jambo la kufanya.

Leo nataka kutoa maoni mengine. Nasema kwamba mbio za magari si lazima ziwe mchezo wa tajiri, na kwamba mtu wa kipato cha kawaida aweza kuliweka gari lake la mbio mwaka hata mwaka bila kuinyima nyumba yake haki yake. Lakini yako masharti, na sharti la kwanza si fedha. Ni daftari. Hayo nimeyaona kwa macho yangu katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

MTOTO WA KERICHO

Kwanza nimkumbushe msomaji jina la Joginder Singh. Dereva huyu, mtoto wa jamii ya Kalasinga, alizaliwa Kericho mwaka 1932, akafariki London mwaka 2013. Alishinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Wengi wakumbuka ushindi huo, lakini wachache wakumbuka kwamba kabla ya kuwa dereva maarufu alikuwa fundi, mtu wa spana na grisi, aliyelelewa katika gereji ya baba yake.

Gari aliloshindia mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, lilikuwa Volvo PV544 kuukuu. Timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia katika Safari ya 1964 na haikupata nalo kitu. Joginder alilinunua gari hilo lililokwisha kuchoka, akalifungua, akalitengeneza upya, akawashinda watu waliokuja na magari mapya. Mwaka 1974 alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya sisi 1,600, na nyuma yake wa pili akaja Björn Waldegård katika Porsche.

Katika Safari 22 alizoshiriki, Joginder alizimaliza 19. Tafadhali msomaji uipime hesabu hiyo vizuri. Safari ya zamani ilikuwa ikiyala magari. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yalifika mwisho magari saba tu. Basi mtu anayemaliza mara 19 katika 22 si mtu wa bahati. Ni mtu ajuaye chuma chake kinaweza nini na hakiwezi nini.

DATSUN KATI YA MIGOMBA

Rafiki yangu mmoja anaishi upande wa Litein, katika njia ya kutoka Kericho kwenda Bomet. Ana shamba dogo la chai, na ni fundi wa magari. Nyuma ya nyumba yake, chini ya paa la mabati, analo Datsun 160J, ndugu wa magari yale ya Violet ambayo Shekhar Mehta alishindia Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hushindana nalo katika mbio ndogo za klabu, pamoja na watu kama yeye: walimu, madereva wa matrekta, wenye maduka.

Nilipofika mara ya kwanza nilitarajia kuona gari. Nikaona magari matatu. Moja ndilo la mbio; mawili ni mizoga iliyolala kati ya migomba, haina milango wala vioo. Nikamwuliza, "Bwana fundi, haya makaburi ni ya nini?" Akacheka. "Bwana shekhe," akasema, "hayo si makaburi. Hiyo ndiyo ghala yangu."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Asiye na fedha asichague gari kwa uzuri wa sura, bali kwa wingi wa jamaa zake. Datsun 160J na Datsun 1600 ya zamani hutumia injini za ukoo mmoja, kwa hiyo kilichokufa hukifaa kilicho hai. Mizoga ile aliinunua kwa bei ya chuma chakavu, na tangu hapo imempa giaboksi, difu, mlango na rejeta. Wapo vijana waliokimbilia magari yenye majina makubwa, na leo magari hayo yanaota majani kwa kukosa kidude kimoja ambacho hakipatikani ila ng'ambo.

Somo la pili linatuhusu sisi wa pwani. Mji wa Kericho uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni nyembamba. Imepungua kiasi cha sehemu moja katika tano. Injini hula petroli na hewa kwa kipimo. Kabureta iliyopimwa Mombasa ikipandishwa Kericho hutoa petroli nyingi kuliko hewa, gari likatoa moshi mweusi, plagi zikajaa masizi na nguvu zikapotea. Mgeni hudhani injini imekufa, akaenda kununua nyingine. Fundi wangu hubadilisha jeti za kabureta tu, vitundu vidogo vya shaba vinavyoingia katika kiganja. Na akishuka pwani hurudisha vile vikubwa, maana injini iliyopimwa mlimani ikiendeshwa huku hukosa petroli ya kutosha, ikapata joto na kuunguza pistoni. Tazama basi: kati ya hasara ya injini nzima na faida yake, kilichosimama ni elimu ya vipande vidogo vya shaba.

BONASI YA OKTOBA

Lakini nisije nikaipamba hadithi hii. Watu wa chai wanajua kwamba mkulima mdogo hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa majani aliyopeleka, kisha hungoja bonasi ya mwaka, ambayo mara nyingi hufika mwezi wa Oktoba. Fedha hizo ndizo za karo ya shule, ndizo za mabati, ndizo za deni la duka. Rafiki yangu aliniambia, bila kuficha, kwamba mwaka mmoja bonasi yote iliingia katika Datsun. Januari ilipofika, mtoto wake mkubwa alibaki nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo. Mkewe hakugombana naye. Alimwita mtoto yule, akampa kitambaa, akamwambia, "Msaidie baba yako kulipangusa gari, maana ndilo linalosoma mwaka huu."

Maneno hayo, asema, yalimchoma kuliko matusi. Tangu siku ile anazo daftari mbili. Moja ni ya nyumba: majani chai, bonasi, maziwa. Ya pili ni ya gari, na ndani yake huingia fedha za kazi moja tu, matengenezo anayowafanyia watu siku za Jumamosi. Gari likitaka klachi, lazima liwe limeichuma. Daftari ikiwa tupu, hakuna mbio, hata kama klabu nzima inamngoja. Yako miaka aliyoshindana mara nne, na uko mwaka aliokaa bila kuwasha injini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu aliipata habari yake mapema, kabla ya kupotea mali yote.

Naamini hapa ndipo mahali pa kutenganisha israfu na mchezo. Israfu haimo katika petroli, imo katika kula haki ya mwingine. Mtu achezaye kwa jasho lake la Jumamosi hana deni kwa mzee yeyote wa baraza. Achezaye kwa karo ya mtoto, hata akileta kikombe cha fedha nyumbani, ameleta deni.

UCHUMI SI UBAHILI

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito zaidi. Vijana wakisikia habari ya kubana matumizi hudhani maana yake ni kununua kila kitu kwa bei ya chini. Sivyo. Rafiki yangu alijifunza hilo kwa namna ambayo nusura imgharimu usingizi wa maisha yake. Alikuwa ametia bolti kuukuu katika gurudumu la nyuma, alizozinunua kwa mchuuzi wa kando ya njia ambaye hakujua, au hakutaka kusema, zilikotoka. Katika kona ya matope, bolti zikakatika. Gurudumu likatoka, likashuka mteremko likirukaruka, likapita kati ya watoto wawili waliokuwa wakitazama, likazama katika chai. Hakuna aliyeguswa. Alishuka garini, akaenda kulitafuta gurudumu lile, na alipolipata hakuweza kulibeba kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka.

Kwa hiyo daftari ya gari ina kurasa za namna mbili. Upande mmoja ni vitu vinavyoweza kuwa kuukuu: mlango, boneti, rejeta iliyozibwa vizuri, hata giaboksi. Vikiharibika, gari husimama, na mtu hurudi nyumbani amekasirika lakini mzima. Upande wa pili ni breki, tairi, bolti za magurudumu, mkanda wa kiti na kofia ya kukinga kichwa. Hivi havinunuliwi kuukuu wala havisamehewi. Mafuta ya breki hubadilishwa kila msimu, kwa kuwa hunywa unyevu, na katika nchi ya mvua kama Kericho unyevu si haba. Mafuta yaliyokunywa maji huchemka breki zinapopata moto, na pedali huzama mguuni bila kushika. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali hautumiki tena. Kofia iliyoanguka kwa kishindo ni ya kutupwa. Fedha zisipotosha kwa upande huu wa pili, mashindano yanaahirishwa. Basi.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono haina bei dukani. Kila baada ya mashindano huliosha gari chini, si juu tu. Haoshi ili lipendeze bali ili aone ufa. Sehemu ya chini ameipaka rangi nyeupe ya bei nafuu, ili oili ikivuja au chuma kikipasuka kionekane mara moja. Kila nati ameichora mstari mdogo wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika, nati imelegea. Ni mambo ya senti chache, lakini hukataza hasara ya maelfu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haya yote si mageni kwetu. Mwenye jahazi hangoji chombo kizame ndipo akipandishe pwani. Hukiegesha kwa majira yake, akakikwangua, akatia kalafati katika maungio ya mbao, akakipaka deheni, na hapo hakuna anayemwita mfujaji. Mashua zishindanazo Lamu wakati wa Maulidi hazishindi kwa upya wa mbao. Hushinda kwa nahodha na kwa ulezi. Gari la mbio nalo ni chombo, tofauti ni kwamba bahari yake ni udongo mwekundu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vilabu vya mbio za magari nchini wafanye mambo mawili. Kwanza, wayape magari ya zamani na ya injini ndogo mashindano yao ya heshima, ili fundi wa Litein asilazimishwe kumfukuza mwenye gari la mamilioni. Pili, wakaguzi wasimhurumie mtu mwenye bolti mbovu kwa kuwa ni maskini. Huruma hiyo ni ya kuwadhulumu watoto waliosimama kwenye kona.

Nanyi vijana wa Mombasa, Malindi na Tanga mnaopenda chuma, msingoje utajiri. Nunueni daftari mbili kabla ya kununua gari. Nilipoagana na rafiki yangu, mtoto wake mkubwa alikuwa chini ya Datsun na tochi, akiitazama mistari ya rangi, nati moja baada ya nyingine. Shule zilikuwa zimefungwa, na karo ya muhula uliokuja ilikuwa imekwisha kulipwa. Niliiona risiti yake ndani ya daftari ya nyumba.