DAWA ZA KILA SIKU NA SAA ZA KAZI



Katika kila idara wako wenzetu wenye presha, wenye sukari, au wanaotumia dawa za UKIMWI. Magonjwa haya hayaishi kwa sindano moja. Dawa zake ni za kila siku, mwaka hata mwaka. Mtu akikatiza dawa, upesi huitwa mzembe. Chama hakikubali maneno hayo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa namna hii wanaofuata dawa zao sawasawa. Je, nusu nzima ni wazembe?

Mtu wa presha hupewa kidonge cha kupunguza maji mwilini. Akikimeza asubuhi huenda chooni mara nyingi, na nyapara anahesabu dakika. Basi hukiacha nyumbani. Mtu wa sukari hujidunga insulini, kisha saa ya chakula husogezwa kwa kuwa lori limechelewa. Sukari hushuka, hutoka jasho, hutetemeka, na aweza kuanguka kando ya mashini. Na wa zamu ya usiku aliyeambiwa ameze "asubuhi baada ya chakula", asubuhi yake ni ipi?

Daktari akijua kazi yako na zamu yako, aweza kubadili saa ya kumeza au kukupa dawa nyingine. Asipouliza, mwambie. Usibadili mwenyewe, wala usigawane vidonge na jirani.

Sasa tuje kwenye siku ya kliniki, ambapo ndipo penye uchungu. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Anayeitwa kliniki kila mwezi hutumia siku 12. Zikihesabiwa humo, malaria ikimpata abakiwa na siku 2 za nusu mshahara! Tena sheria yataka cheti cha daktari kwamba mtu hawezi kazi, na huyu aliyefuata vidonge tu aweza kazi. Tajiri mkali humwandika mtoro. Wakati mwingine dirishani huambiwa akanunue dawa nje, hali tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya SHA tangu Oktoba 2024.

Mwongozo wa serikali wa 2016 uliruhusu watumiaji wa dawa za UKIMWI ambao hali yao imetulia wapewe dawa za miezi 3 kwa mara moja. Hizo ni safari 4 kwa mwaka. Mwenye presha iliyotulia ana kosa gani hata aitwe mara 12?

Katika mapatano yajayo na matajiri tudai haya: siku ya kliniki ilipwe kwa kuonyesha kadi, saa ya chakula ya mwenye insulini isisogezwe, na ruhusa ya choo isiwe hisani ya nyapara. Barua ya daktari itaje mahitaji tu, bila jina la ugonjwa. Mastewadi wapokee malalamiko ya memba juu ya jambo hili na kuyaleta ofisini, bila kuandika jina la mgonjwa yeyote.