Uchambuzi: Rwanda na haki ya kufuta makosa ya ujanani mtandaoni

Masoro, katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, ni makao ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati na pia Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Kigali, wenye viwanda na makampuni yanayoajiri vijana. Mhitimu anayeomba kazi humo anaweza kukwamishwa na tusi, picha au mzaha aliouchapisha akiwa na miaka 15.

Sheria namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, inayolinda data binafsi na faragha nchini Rwanda, inampa mtu haki ya kuomba data zake zifutwe. Inataka pia ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakatwa kwa data za mtoto wa chini ya miaka 16.

Lakini umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai nchini humo ni miaka 14, na sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandao inaadhibu uchapishaji wa uvumi kwa kifungo cha miaka 3 hadi 5. Hivyo mtoto wa miaka 14 hahesabiwi kuwa amekomaa kiasi cha kuridhia matumizi ya data zake, ilhali anaweza kushtakiwa kwa alichokiandika, ingawa adhabu kwa walio chini ya miaka 18 hupunguzwa.

Haki ya kufuta nayo ina mipaka. Kampuni inaweza kuamriwa kuondoa chapisho, lakini ni vigumu kuzifikia nakala zilizokwisha sambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Athari zake zilionekana Uingereza mwezi Aprili 2013, pale msichana wa miaka 17, aliyeteuliwa kamishna wa vijana wa polisi katika kaunti ya Kent, alipojiuzulu baada ya siku chache tu. Maneno yaliyomponza aliyaandika Twitter akiwa na umri kati ya miaka 14 na 16.

Kwa kuwa nakala haziwezi kufutwa zote, uamuzi unabaki mikononi mwa anayezisoma. Mwajiri au chuo kinachopima chapisho bila kuuliza mwandishi alikuwa na umri gani kinamhukumu mtu mzima kwa akili ya mtoto. Swali hilo la umri bado halijapata nafasi katika sheria ya data.